Mansur Hakutupa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mahira alikuwa na kazi ya kumtafutia mdogo wake kiatu cha pili. Mansur alikuwa na miaka minne na hakuna kilichomfurahisha kama kutupa vitu dirishani. Leo kijiko, kesho sabuni, keshokutwa funguo za baba! Nyumba yao ilikuwa orofani, mtaa wa Shela, Malindi, na majirani wa chini walishazoea kupanda ngazi na kupiga hodi.

"Bi Shekha, hiki si kikombe chenu?"

"Ni chetu, jirani. Tuwie radhi," mama alikuwa akijibu huku akicheka.

Mwezi ule nyumba nzima ilikuwa na neno moja mdomoni: Tanga. Baba yake Mahira, Bwana Athman, alikuwa mpishi wa halwa, na kwa miaka sita hakuwa amemwona mama yake mzazi. Bibi Mwanaidi aliishi ng'ambo ya mpaka, Tanga, kwa shangazi yake Mahira. Sasa alikuwa dhaifu na kifua kilimsumbua. Mjukuu wake wa mwisho, kitoto cha miezi saba kilichopewa jina lake, hakuwa amempakata hata mara moja. "Njooni niwaone ningali na macho," alisema kwenye simu. Tajiri wa baba akatoa likizo ya wiki moja, wala hakuongeza siku.

Ili kuvuka mpaka, kila mmoja isipokuwa yule mchanga alihitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na awe amechanjwa siku kumi kabla. Baba, mama na Mansur walikwenda zahanati wakati Mahira yuko kwenye mtihani. Mansur alirudi amevimba macho. "Sindano kubwa hivi!" alimwambia dada yake, akinyoosha mikono yote miwili.

Siku ya pili yake, Mahira alitumwa peke yake baada ya shule. Alifika mpaka mlangoni. Akasikia mtoto analia ndani, roho ikampaa, akageuka. Njiani aliokota ujasiri wa aina nyingine: alipofika nyumbani alichukua kipande cha pamba, akakibandika mkononi kwa plasta.

"Umeshachanjwa?" mama aliuliza, mtoto mgongoni, nguo za safari zimetapakaa kitandani.

"Nimeshachanjwa. Cheti nimekitia ndani ya kitabu changu kisikunjike."

"Mashallah, mwanangu mkubwa huyu," alisema mama, wala hakuomba kukiona.

Wiki mbili baadaye, Jumapili alfajiri, wakapanda basi. Jamani, kusafiri na watoto wadogo kuna kazi! Mwanaidi mdogo alilia tangu Kilifi hadi Mtwapa. Mansur alitapika mara mbili, mara ya pili juu ya kanzu ya baba. Walipokaribia Mombasa akavua kandambili moja akaitupa dirishani, akapiga makofi. Mama alichoka hata hakumgombeza. Baba peke yake ndiye aliyekuwa na furaha, akihesabu saa zilizobaki kabla ya kumwona mama yake.

Saa nane mchana walikuwa mpakani. Afisa wa afya, mama wa makamo mwenye miwani, alitazama vyeti kimoja kimoja.

"Na chako, binti?"

Mahira alifungua kitabu, akakipekua ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayetarajia kuona kitu. Baba alikuwa akimtazama, na mama, na foleni nzima nyuma yao. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia mguu wa Mansur uliokuwa hauna kandambili.

"Mansur amekitupa," alisema. "Nilikishika mkononi ndani ya basi. Akakinyakua akakitupa dirishani."

"Lahaula!" mama alipaza sauti, akamchapa Mansur kofi mkononi. "Ewe mtoto ewe, utatumaliza!"

Mansur hakulia papo hapo. Alitazama viganja vyake, kisha akamtazama dada yake. "Mimi nilitupa?"

"Ndiyo," Mahira alisema.

Dada yake hakuwa amewahi kumdanganya. Basi Mansur akaamini. Akaishika kanzu ya baba, akalia kwa kwikwi. "Nisamehe baba. Nilitupa. Sitatupa tena."

Yule afisa alisikitika, lakini bila cheti hakuweza kumruhusu Mahira apite. Baba na mama wakasogea pembeni.

"Mwanaidi ananyonya, na Mansur hawezi kulala bila wewe," alisema baba. "Nendeni nyinyi. Mimi nitarudi na Mahira, zahanati watatupa cheti kingine, Jumanne tutakuwa njiani."

"Lakini Athman, mama ni wako wewe!"

"Mwambie naja," alisema baba, akageuza uso.

Njia nzima ya kurudi baba hakumlaumu Mahira kwa lolote. Likoni alimnunulia mahamri. "Pole, mwanangu," alimwambia. "Likizo yako imeharibika kwa utundu wa mdogo wako." Mahira aliyafunga tena mahamri kwenye karatasi yake. Mara tatu alifungua mdomo aseme, na mara tatu akaufunga.

Jioni wakiwa bado njiani, Bibi Mwanaidi alipiga simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikikatizwa na kikohozi.

"Athman, mume wangu amekosa nini?" Hivyo ndivyo alivyomwita Mansur, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Amekataa kula. Ameificha mikono yake kwapani, anasema mikono mibaya. Msimpige mume wangu."

"Hatumpigi, mama."

"Nawe waja lini?"

"Jumanne, inshallah."

"Fanya haraka, baba," alisema Bibi.

Jumatatu asubuhi walikuwa zahanati wa kwanza. Muuguzi, Sista Dorcas, alifungua daftari la chanjo akateremsha kidole polepole.

"Athman yupo. Shekha yupo. Mansur huyu hapa. Mahira simwoni."

"Tazama tena, sista," alisema baba. "Mwanangu alikuja. Huyu hasemi uongo."

Maneno hayo yalimchoma Mahira kuliko sindano yoyote. Akaanza kulia. "Sikuja, baba. Niliishia mlangoni. Niliogopa sindano. Mansur hakutupa kitu."

Baba alikaa kwenye benchi. Hakumpigia kelele wala hakumgusa. Sista Dorcas alimwita Mahira ndani, akamchanja, na sindano ilitoka kabla hajamaliza kufumba macho. Kumbe ndiyo hiyo tu! Alipotoka, baba alikuwa bado ameinamisha kichwa.

"Kesho alfajiri nitakwenda peke yangu," alisema hatimaye. "Chanjo yako haijatimiza siku kumi, kwa hiyo wewe utabaki kwa jirani yetu Mama Kahindi. Mama yako sitamwambia, wala Mansur. Utawaambia mwenyewe."

Jumanne alfajiri, baba akifunga begi, simu ililia. Alisikiliza kidogo tu. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema, akaketi sakafuni kama aliyekatwa miguu. Bibi Mwanaidi alikuwa amefariki. Mahira alisimama mlangoni asijue aende mbele au arudi nyuma. Hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia.

Baba alisafiri vivyo hivyo, macho mekundu. Alipofika Tanga jua lilikuwa linazama, na watu walikuwa wamesharudi kutoka makaburini.

Baba, mama na wadogo zake Mahira walirejea Malindi Ijumaa. Mahira alikuwa akingoja juu ya ngazi tangu asubuhi. Aliwaamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba kwa sauti iliyopwelea. Mansur alipanda nyuma ya mama, mikono kwapani, akikanyaga kila ngazi kwa uangalifu.

Mahira hakungoja waketi. Alipiga magoti mbele ya mdogo wake, akasimulia yote: zahanati, pamba, kitabu, mpaka. Mama alikumbuka lile kofi, akajifunika uso kwa mtandio akalia.

"Sikutupa?" Mansur aliuliza.

"Hukutupa. Nilikusingizia. Nisamehe, Mansur."

Mansur alifikiri. "Bibi alisema hivyo hivyo. Alinikamata mikono, akasema mikono hii mizuri, mume wangu hakutupa."

Mahira alilia mpaka sauti ikamkauka. Mansur, bila kuambiwa na mtu, akatoa mkono kwapani akampapasa kichwa.

Baba aliketi karibu nao. Alikuwa amekonda kwa siku chache tu.

"Nisikilize, Mahira. Bibi yako ameondoka kwa siku aliyopangiwa na Mungu. Hilo usilibebe. Lakini zile siku mbili za kukaa naye, nikamnywesha uji, nikamsikia akinitania, hizo ulinichukulia wewe, nami sina pa kuzipata tena. Nimekusamehe, na bado inaniuma."

"Naam, baba," Mahira alinong'ona.

"Umeona uongo wako ulikwenda wapi? Haukukaa kwako. Ulitafuta mtu wa kuubeba, ukamwona mdogo kuliko sisi sote, asiyeweza kujitetea. Hata akajichukia mikono yake mwenyewe. Anayesema kweli huchapwa mara moja yakaisha. Sisi haya yatatuchukua muda mrefu."

Mama alimpokea Mansur mapajani, akambusu kiganja kimoja, kisha cha pili. Baba akaendelea, safari hii taratibu.

"Na kuogopa sindano, mwanangu, si kosa. Hata mimi naiogopa. Ungeniambia tu, 'Baba, naogopa.' Ningekushika mkono."