Marlys Asoma Katiba kwa Wivu

Marlys Krueger na mumewe Delmar walifuga ng'ombe wa maziwa katika jimbo la Wisconsin, Marekani, nje kidogo ya mji wa Elm Prairie. Ng'ombe walikuwa arobaini. Mume alikuwa mmoja tu, lakini kelele zake ziliwashinda ng'ombe wote.

Kila jioni, wakisha kukamua, Delmar alikaa mbele ya televisheni kusikiliza habari za Washington. Rais amefanya hivi. Bunge limekataa vile. Jaji naye amesema hapana. Delmar alipiga meza. Alirusha sapatu.

"Katiba hairuhusu!" alipayuka. "Katiba inasema wazi!"

Marlys alikaa kando, akimenya viazi. Alimsikiliza hivyo kwa miaka thelathini na minane. Hakuelewa yote, lakini kelele zile zilikuwa zake. Hakuna mwanamke mwingine aliyezipata.

Mwezi wa Februari daktari akampima Delmar presha.

"Bwana Krueger," daktari akasema, "acha kugombana na televisheni. Yenyewe haiumwi. Utakayekufa ni wewe."

Delmar akanyamaza. Habari zikianza, anazima. Nyumba ikawa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Marlys angalifurahi. Lakini kila Alhamisi, saa saba mchana, Delmar alianza kuoga. Mchana! Mtu ambaye tangu harusi alioga Jumamosi peke yake. Akajimwagia manukato. Akavaa shati la kanisani. Katika mfuko wa shati, upande wa moyo, akatia kijitabu cha buluu.

"Unakwenda wapi?" Marlys akauliza.

"Maktaba."

"Kufanya nini?"

"Kusoma."

Marlys nusura aangushe ndoo. Delmar hakuwahi kusoma kitu kirefu kuliko bei ya trekta.

Jirani yake, Ardell, akaja kurudisha bakuli. Marlys akamweleza.

"Shoga," Ardell akasema, "maktabani si ndiko anakofanya kazi yule mjane, Corinne Vandehey? Yule wa sweta nyekundu? Nasikia kila Alhamisi anawaokea pai ya cheri."

"Anawaokea kina nani?"

"Wanaokwenda. Mimi sisemi kitu, mwenzangu."

Ardell akishasema hasemi kitu, ujue amemaliza.

Roho ilimuuma Marlys. Pai si neno. Hata manukato si neno. Kilichomuuma ni yale maneno. Miaka yote Delmar alikuwa akimmwagia yeye maneno yake. Sasa anayaogesha, anayapaka manukato, anampelekea mwingine.

Alhamisi iliyofuata Delmar alirudi anatabasamu. Ndevu zake zilikuwa na doa jekundu la cheri.

"Una nini na yule mwanamke?" Marlys akafoka.

Delmar akaiva uso. "Ala! Sasa niombe ruhusa kwenda maktaba? Katiba inanipa haki ya kutafuta furaha yangu!"

"Furaha?"

"Ndiyo. Imeandikwa!"

Kumbe! Nyumbani ana ng'ombe, furaha iko maktabani. Marlys akaingia chumbani. Alitoa sanduku la nguo chini ya kitanda. Akatia gauni mbili na picha ya mama yake. Atakwenda kwa dada yake, Green Bay. Delmar abaki akiwapikia ng'ombe.

Lakini alipokwisha kufunga sanduku, akasimama. Aondoke kwa sababu ya mstari ambao hajauona? Hapana. Kwanza auone.

Kesho yake Delmar alikuwa zizini akitengeneza mashine ya kukamulia. Marlys akachomoa kile kijitabu kwenye shati la kanisani. Juu kimeandikwa: Katiba ya Marekani. Akakaa jikoni, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Akaikuta habari ya Bunge. Akakuta kiapo cha rais. Akakuta majaji. Akakuta kwamba wakati wa amani askari hawawezi kulazwa nyumbani kwako bila idhini yako.

"Haya, angalau hao hawaji," akasema.

Akakuta pombe imepigwa marufuku. Mbele kidogo akakuta imeruhusiwa tena, akacheka bila kutaka. Akakuta wanawake wamepata kura, mbali huko, karibu na mwisho.

"Nasi ndio kwanza tunafika!"

Viazi viliungua. Furaha ya Delmar hakuiona. Akarudia kusoma tangu mwanzo. Haimo.

Alhamisi ikafika. Delmar akaondoka na pikapu. Marlys naye akajipaka manukato, akamfuata kwa gari dogo.

Maktabani walikaa wazee tisa kuzunguka meza, kila mmoja na kijitabu cha buluu. Pai ilikuwa katikati. Corinne alisimama na sweta yake nyekundu. Alikuwa mzuri hasa, na hilo lilimchoma Marlys, maana alitumaini atamkuta amechakaa.

"Bibi Vandehey," Marlys akasema, hata kabla ya kuvua koti, "mimi ni mke wa Delmar. Mume wangu anasema katiba inampa haki ya kutafuta furaha. Nimeisoma mara mbili. Haimo. Furaha ya mume wangu umeificha wapi?"

Delmar akashuka kwenye kiti mpaka kidevu kikagusa meza.

Corinne akamtazama. "Umeisoma yote?"

"Yote."

"Na marekebisho yake ishirini na saba?"

"Hata yale ya pombe."

"Mungu wangu! Delmar bado yuko ukurasa wa nne."

Watu wakacheka. Corinne akavuta kiti. "Kaa, Bibi Krueger. Umesema kweli. Wengi wetu katika nchi hii hukosea hapo. Maneno ya kutafuta furaha yamo katika Tangazo la Uhuru, la mwaka 1776. Lile lilikuwa kama barua ya talaka. Tulimwambia mfalme wa Uingereza kwamba tumemchoka, na sababu zake hizi hapa. Katiba iliandikwa mwaka 1787. Hiyo ni mapatano ya kuendesha nyumba. Nani anatunga sheria, nani anazitekeleza, nani anaamua ugomvi."

Marlys akamgeukia mumewe. "Kwa hiyo furaha unayoitaka imo kwenye talaka?"

Lester, mtu wa posta aliyestaafu, alicheka mpaka pai ikampalia.

"Marlys," Delmar akasema kwa sauti ndogo, "huyu Lester aliniuliza dukani, mbele za watu: wewe unayelia katiba, katiba, umewahi kuisoma? Sikuwahi. Na wewe nimekupigia kelele nayo miaka thelathini na minane. Niliona aibu kukwambia."

"Na manukato?"

"Nanuka zizi, mke wangu. Siku ya kwanza walifungua madirisha. Kuna theluji nje, wakafungua madirisha!"

Marlys akatazama chini, kicheko kisionekane.

"Sasa nifundishe," akamwambia Corinne. "Habari mbaya ya Washington ikija, tufanye nini, kama kurusha sapatu hakufai?"

"Ulizeni kwanza ni nini hasa kimefanyika," Corinne akasema. "Sikilizeni zaidi ya kituo kimoja. Kisha someni maandishi yenyewe, kama ulivyofanya."

"Nikisoma nikaona kweli wamekosea?"

"Mwandikie mbunge wako. Kukusikiliza ni kazi yake. Kura ikifika, mkumbushe. Wala usidhani maandishi humaliza kila ubishi. Majaji wenyewe hubishana juu ya maneno yaleyale. Lakini wao hubishana wakiwa wameyasoma."

Jioni ile sanduku lilirudi chini ya kitanda. Televisheni ikawashwa, kijitabu kikawekwa mezani kati yao. Delmar akisikia jambo, akiinua mkono apige meza, Marlys humuuliza, "Kifungu gani?" Mkono unashuka. Wanafungua pamoja, wanabishana pamoja. Mwezi wa Aprili walimwandikia mbunge wao barua juu ya fedha ambazo Bunge ndilo lenye kazi ya kuzipanga. Jibu lilikuja fupi. Delmar alilibandika zizini, ng'ombe nao waone. Daktari alipompima tena, presha ilikuwa imeshuka.

Kila Alhamisi huenda wawili. Marlys hukaa katikati ya Delmar na Corinne. Wivu haukuisha, ila umepewa kiti.

Siku moja wakirudi, Delmar aliendesha mpaka daraja la mto.

"Huyu Lester," akasema ghafla, "kila saa anakuuliza nini?"

"Katiba. Mimi ndiye niliyeimaliza."

"Na kukukatia kipande kikubwa cha pai, nako ni katiba? Hiyo imo kifungu gani?"

"Haimo, mume wangu. Nimesoma yote." Marlys akajipangusa cheri mdomoni, taratibu. "Ila na kukatazwa hakumo."