Diski Nne za Elina

Diski ya kwanza ilijaa kabla Elina hajanakili hata nusu ya harusi za mwaka juzi. Alipoifungua akakuta folda isiyo na jina, ambayo hakuiweka yeye, na ilikuwa inakua.

Kwenye studio yake pale Ibighi, video zote za harusi na misiba zilikaa katika boksi moja kubwa la umeme la kuhifadhia data, na sasa boksi lilikuwa linakufa. Alinunua diski nne ndogo azigawie mzigo, kisha azitawanye kwa ndugu, mwizi asije akazimaliza zote. Harusi zikipotea, angeomba radhi. Lakini humo mlikuwa na dakika tatu za marehemu mumewe, Jotham, akiimba kwaya, na sauti yake haikuwepo popote pengine.

Boksi likaanza kugonga. Haukuwa mlio wa mashine, zilikuwa kucha, kwa ndani. Chumba kikanuka udi na udongo mbichi.

“Bosi, zima,” msaidizi wake Naima alinong'ona. “Namwita baba mdogo.”

Ustadhi Yussuph, baba mdogo wa Naima, aliligusa boksi, akarudisha mkono upesi.

“Mama, jini limo humu. Likiwa pamoja linafungika. Ijumaa nakuja tulichome na boksi lake. Usiligawe! Kila kipande kitatafuta wenzake.”

“Na Jotham wangu?”

“Jotham yuko kwa Mungu.”

Sikio la kufa halisikii dawa. Kufikia Alhamisi Elina alikuwa amemaliza kunakili, na diski tatu zimeshapanda bodaboda: Masoko kwa mdogo wake Tulia, Isongole kwa shangazi, Kiwira kwa kaka. Ya Jotham alibaki nayo.

Aliifungua mchana, mvua ikipiga bati, na mumewe alikuwepo katika safu ya kwaya, mdomo ukiimba bila sauti, na nyuma yake alisimama mwanamke ambaye hakuwahi kuwa mwanakwaya, nywele zikichuruzika maji, vidole vyake virefu vikimpapasa Jotham shingoni, hadi Jotham akaacha kuimba, akatoka kwenye safu, akatoka kwenye picha kabisa.

Simu ikaita.

“Dada,” Tulia alinong'ona, “shemeji yuko mlangoni. Amelowa chapachapa. Anauliza zile nyingine umezipeleka wapi.”

“Usimwambie!”

“Nimeshamwambia.”