Jodari Mmoja wa Mikumi

Hakukuwa na mwili wala damu. Kulikuwa na simu tu, asubuhi, katika kituo cha polisi Kilosa.

"Naitwa Melkizedek, napiga kutoka Dar es Salaam, ofisi ya takwimu za uvuvi wa bahari kuu. Mwangalizi wetu Amon anaomba msaada. Kifaa chake cha dharura kimewashwa."

"Yuko wapi?" aliuliza Inspekta Siwema.

"Melini. Anahesabu na kupima jodari wanaovuliwa, kisha anatutumia ripoti na picha."

"Ndugu yangu, umepiga Kilosa. Huku tuna Mto Mkondoa tu."

"Najua, afande. Lakini setilaiti inasema kifaa kipo Munisagara, hukohuko kwenu."

Siwema alivuta kiti akakaa. Melkizedek aliendelea kueleza. Nahodha amepigiwa, amesema Amon amelala melini. Ripoti ya Amon ya jana imefika salama, pamoja na ya mwenzake Vitalis, kijana wa Masanze.

"Basi mtu mmoja yuko mahali pawili," alisema Siwema. "Au amekufa, na kifaa chake kimeibwa. Nitumie ripoti za wote wawili, na picha."

Nyumba ya Mama Perpetua, mzazi wa Amon, ilikuwa ng'ambo ya reli. Mama alisimama mlangoni, kifaa mkononi, taa yake ikiwaka na kuzima. Koplo Donati, aliyefuatana na Siwema, aliona kigoda kimepinduka. Alikiinua, akakipangusa kwa kofia yake, akamkalisha mama kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Mmekawia. Nimebonyeza tangu alfajiri."

"Kifaa hiki umekipata wapi?" aliuliza Siwema.

"Kwa Amon. Alisema, mama, ukizidiwa, bonyeza, watu watakuja."

Donati aliutazama mto. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. "Umezidiwa na nini, mama? Mafuriko hayapo, mwizi hayupo."

"Nimezidiwa."

"Amon yuko wapi?"

"Si mmesema yuko melini?"

"Hatujasema, mama," Siwema alijibu taratibu.

Perpetua aliinamisha kichwa. Halafu, kama mtu aliyebadili mazungumzo, alisema, "Juzi alikuja Lea, mama yake Vitalis. Kutoka Masanze yote hiyo, na mbaazi kichwani, zawadi yangu. Akaniuliza kama mwanangu amemtaja wa kwake. Nikamwambia wote wazima."

"Kwani si wazima?"

Mama alikigeuzageuza kifaa mkononi. Siwema hakumsukuma. Alifungua picha kwenye simu. Jodari juu ya ubao wa kupimia, picha ya Amon. Jodari mwingine, picha ya Vitalis. Alizirudia, akazirudia tena. Ncha ya mkia ilikuwa imemegeka. Katika picha ya Vitalis pia ilikuwa imemegeka. Na ya wiki iliyopita. Na ya mwezi uliopita.

"Donati, samaki hufa mara ngapi?"

"Mara moja, afande. Ya pili labda jikoni kwa mke wangu."

"Huyu anakufa kila siku. Na meli gani ina sakafu ya saruji nyekundu na kreti la soda?"

Perpetua alichungulia simu, akajifunika uso kwa khanga. "Mikumi," alisema. "Nyumba ya wageni, barabara kuu. Nakuja nanyi."

Amon hakukimbia. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kompyuta magotini. Donati alifunua friza iliyokuwa ukumbini, akaondoa chupa za soda. Jodari alikuwa chini, mgumu kama gogo, mkia umemegeka.

"Ripoti za Amon anatuma nani?" aliuliza Siwema.

"Mimi."

"Za Vitalis?"

Amon alimtazama mama yake. "Mimi pia."

"Vitalis yuko wapi?"

"Baharini, afande. Ndani."

Siwema alitoa daftari lake.

"Nahodha alitaka tupunguze hesabu," Amon alisema. "Mimi nilipunguza. Vitalis alikataa. Alisema nchi zote zinagawana jodari kwa hesabu hizi. Tukidanganya, samaki watakwisha huku ripoti zikisema wamejaa. Wakagombana kwenye sitaha. Nilikuwa mlangoni. Nahodha alimsukuma. Mimi nikaufunga mlango."

"Hukusema kwa mtu."

"Alijua kwetu. Alinitajia Munisagara, nyumba ya mama, hata rangi ya mlango. Hakutaka macho tena melini, akanishusha bandarini. Anazituma hesabu kwangu, nami nazituma ofisini kwa majina yetu wawili, ili Vitalis asitafutwe. Ofisi ikataka na picha. Nikanunua samaki kwenye gari la barafu." Alijifuta uso. "Kile kifaa nilimpa mama kwa sababu ya nahodha. Si mafuriko."

"Na mimi nilizidiwa na mbaazi za Lea," alisema Perpetua. "Nilizipika, hazikumezeka."

Siwema alimpigia Melkizedek. Meli izuiwe bandari yoyote itakakotia nanga, nahodha akamatwe.

"Ripoti zao zilikuwa safi kuliko zote," alisema Melkizedek. "Tuliwapongeza."

Gari lingeweza kwenda moja kwa moja kituoni. Siwema alimwambia Donati akate kona ya Masanze. Walipofika uani kwa Lea, Donati alimfungua Amon pingu bila kuagizwa. Perpetua alimshika mwanawe mkono, kama alivyomshika siku ya kwanza ya shule.

Lea alitoka na ungo, akatabasamu.

"Shikamoo mama," alisema Amon.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mwenzio umemwacha wapi?"

Amon alipiga magoti kwenye vumbi, akaanza kumwambia.