Vumbi la Mninga

Wewe, umewahi kumtazama mtu machoni ukaamua kwamba afe?

Usiharakishe kukataa. Wanaoamua hivyo hawana mapembe. Wanaimba kwaya, wanachangia harusi, wanasalimia vizuri. Na katika njia yote ya Kwihara, ile waliyopita wapagazi wa misafara zamani, hakuna aliyesalimia vizuri kuliko fundi Nikolaus.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, dada fundi! Karibu ndani. Umekuja na nani?"

"Na haraka yangu," alijibu Levina.

Nikolaus alicheka. Levina hakucheka. Siku hizi hakumwambia mtu mama yake alipo.

Levina alikuwa fundi wa makabati na urembo wa milango, mtaa wa Ipuli, kwenye ua wa nyumba aliyoishi na mama yake, Bi Bernadeta. Jigso yake, ule msumeno mdogo wa umeme ambao bledi yake hupanda na kushuka kama sindano ya cherehani, ilikuwa imechoka. Ilikata kona kama mlevi anayetafuta choo. Hilo angelivumilia. Lakini ilitapika vumbi la mninga kila upande, vumbi likaingia dirishani kwa mama, na macho ya mama yakawa mekundu kama kaa la moto.

Daktari alitoa dawa ya matone, akasema ondoa vumbi. Majirani hawakumuuliza daktari. Watoto walianza kumkimbia bibi. Jiwe likatua juu ya bati. Kisha asubuhi moja mlangoni palikuwa na kuku, kichwa huku, mwili kule... na kila mtu Tabora anajua kikongwe mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na huishia wapi.

Jirani yao Festo, ambaye mwanawe alikuwa anaumwa homa isiyoisha, ndiye aliyemwelekeza kwa Nikolaus. "Anauza jigso nzuri, ina tundu la kunyonyea vumbi. Nenda jioni, ndipo humkuti na wateja." Levina alimshukuru hadi akaona aibu. Akamchukua mama yake, maana tangu yule kuku hakumwacha peke yake, akamwacha ndani ya bajaji na Revocatus, dereva wao wa siku zote, nje ya uzio.

Jigso ilikuwa juu ya benchi, imefunikwa khanga kuukuu.

Levina aliishika. Nzito, nzito ya kutulia mkononi. Kitako chake kilikuwa chuma cha kumimina, si bati la kukunja. Alichomeka bledi ndefu, akaitikisa kwa vidole. Haikucheza. Gurudumu dogo la nyuma lilikuwa limeikumbatia sawasawa.

"Kwa nini unauza kitu kizuri hivi?"

"Nimeacha kazi. Huna haja ya kuharakisha, dada. Ijaribu taratibu. Jaribu hata mara kumi."

Muuzaji gani husema hivyo? Levina alijiuliza, kisha akaliacha swali, maana chombo kizuri humpumbaza fundi kama mapenzi.

Alibana ubao mnene wa mninga kwenye jiriwa, kile kibano cha benchi, akachora nusu duara. Jaribio ni moja tu: ukimaliza kukata, geuza ubao. Jigso mbovu hukata vizuri juu na kupotoka chini. Nzuri hukata juu na chini mstari mmoja. Watu nao wangegeuzwa hivyo, tungepumzika.

Aliwasha.

Bledi ikaingia kama kwenye siagi. Vumbi likapanda... halafu likageuka.

Halikuanguka chini. Lilijikusanya, likanyooka kama moshi unaovutwa, likaenda pembeni. Kwenye dirisha dogo la chumba cha pili, dirisha lililopigiliwa mbao. Likapenya kwenye ufa. Lote.

Ndani ya chumba, mtu akakohoa.

Kho... kho...

Levina alizima. "Nani yuko humo?"

"Panya," alinong'ona Nikolaus.

"Panya hakohoi, fundi."

"Kilikuwa chumba cha mama mkubwa. Agnetha. Ndiye aliyenilea. Majambazi walimuua, mwaka juzi." Aliongea haraka, kama anayesoma. "Endelea kukata, dada. Usiende."

Harufu ya ugoro, ule wa vikongwe, ilijaa karakana. Ugoro, na chini yake harufu ya buchani. Levina alitazama ubao. Mninga mbichi hutoa utomvu mwekundu, hilo anajua hata mpasua kuni. Lakini huu ulikuwa mkavu, umekaushwa miaka.

Ulikuwa unatoka damu.

Matone mazito, ya moto, yakamdondokea kwenye viatu. Alirudi nyuma.

"Huyo mama mkubwa wako," alisema polepole, "alilala humo, dirisha wazi kwenye benchi hili? Na wewe ulikuwa unakata mninga?"

"Kila siku."

"Macho yake yalikuwaje?"

Nikolaus aligeukia lile dirisha lililopigiliwa.

"Yalikuwa mekundu, sivyo? Ya mama yangu ni hivyo hivyo. Ni vumbi, fundi. Vumbi la mninga, basi! Ndiyo maana nataka jigso yenye tundu la bomba."

"Rudia," alisema Nikolaus. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Rudia hilo la vumbi."

Hakupata muda wa kurudia.

Jigso iliwaka.

Waya ulikuwa chini, umechomoka. Levina aliuona kwa macho yake. Lakini bledi ilikuwa inapanda na kushuka, inalia, inatembea juu ya benchi kama mnyama anayenusa. Nikolaus alijirusha kuizima. Ikamgeukia. Ikaingia kati ya kidole cha pili na cha tatu, ikapasua kiganja hadi kifundo, bila haraka, kwa mstari safi. Damu iliruka hadi kwenye dari. Mfupa ulilia mlio uleule wa mninga. Alipiga yowe, akaipiga ngumi kwa mkono mwingine, nayo ikachukua vidole viwili. Vikaanguka kwenye vumbi bila sauti.

Kisha ikazima yenyewe.

Kimya.

Na kutoka nyuma ya ukuta, sauti ya bibi, ya upole, iliyochoka:

"Niko, mwanangu... funga dirisha."

Nikolaus aliporomoka. Levina alirarua ile khanga, akamzungushia mkono juu ya kifundo, akakaza fundo kwa patasi. Damu ikapungua. Hapo ndipo akakumbuka yale maneno. Usiende. Jaribu hata mara kumi.

"Kwa nini ulitaka nikae?"

"Nitakufa, dada..."

"Sema, au naliachia fundo." Akalilegeza kidogo. Damu ikaruka. Hakuwa anatania, na jambo hilo lilimtisha kuliko jigso.

"Jigso haiuzwi!" alilia Nikolaus. "Festo aliniambia nikutoe nyumbani. Mganga amemwambia anayemroga mwanawe ana macho mekundu. Watu wako kwenu sasa hivi. Na mapanga."

Levina alikaza fundo. Nyumba tupu. Walikuwa wamevunja mlango wa nyumba tupu... na kesho je?

Mlango ukalia. Bi Bernadeta alikuwa amesikia mayowe. Alisimama kizingitini, kitenge mabegani, akijifuta macho yake mekundu.

"Levina, nani anaumia?"

Nikolaus alimtazama. Akaanza kujiburura nyuma, akiacha mfereji wa damu sakafuni, hadi mgongo ukagota ukutani, chini ya lile dirisha.

Bi Bernadeta hakukohoa. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Lakini kikohozi kilikuja tena, safari hii karibu kabisa, sikioni mwa Nikolaus. Vumbi jekundu likaanza kumwagika kutoka kwenye ufa, taratibu, likimjaa nywele, likimjaa macho. Alifumba, akafumbua. Yalikuwa mekundu.

"Hawakuwa majambazi," alisema Levina.

Nikolaus alitikisa kichwa: hapana, hawakuwa.

"Sema kwa sauti. Anasikiliza."

"Mwanangu alikufa," alisema Nikolaus, akiongea na ukuta. "Mganga akasema ni macho yako. Kila siku uliniambia nifunge dirisha, na mimi nikaona unanitisha. Nilikukata mimi, mama mkubwa. Nilikukata ukiwa umelala. Na vumbi lilikuwa langu."