Kuku wa Mama Taesik na Kikombe cha Mkojo

Mama Taesik anakaa mtaa wetu hapa Daegu, karibu na soko la mitishamba. Supu yake ya kuku ikichemka, paka wa mitaa mitatu huacha ugomvi na kupanga foleni. Mumewe ni dobi. Duka la dobi liko mbele, nyumba iko nyuma, na kelele za mama ziko kote.

Mtoto wao ni mmoja tu, Taesik. Ni mrushaji katika timu ya besiboli ya kulipwa. Utotoni alirusha mpira mmoja kutoka juu ya paa la shule. Mpira ule haujatua mpaka leo, na anayebisha aje aniulize mimi.

Lakini kwa miaka minane Taesik alikuwa timu ya akiba. Timu ya akiba ni kama kungoja kwa daktari wa meno. Unakaa, unasikia wenzako wakiitwa.

Jumamosi moja alikuja nyumbani mchana akiwa anacheka peke yake.

"Mama! Kocha ameniita. Kesho naanza mimi kurusha, timu ya kwanza!"

Mama Taesik alipiga makofi. Halafu akamtazama usoni. Kijana alikuwa ametoka kwenye mafua. Macho mekundu, sauti imekwama puani.

"Utarusha na sura hiyo ya kitambaa cha kudekia? Ngoja. Nimekununulia dawa ya nguvu sokoni."

"Mama, tumeshaongea. Sinywi kitu bila kumuuliza daktari wa timu."

"Daktari wa timu ndiye aliyekuzaa?"

"Mama!"

"Haya ni majani, Taesik. Majani na mizizi. Madawa mabaya ni yale ya sindano, ya wale wenye shingo nene kama nguzo ya daraja."

"Mama, basi. Nakuomba."

"Basi. Kula supu."

Akaingia jikoni. Alikuwa na vifuko vya dawa nyeusi iliyochemshwa sokoni. Akakata vitatu, akavimimina vyote kwenye sufuria ya supu. Akakoroga. Akapakua.

"Mbona supu nyeusi?" Taesik aliuliza.

"Kuku mweusi."

Kuku weusi wapo kwetu, ngozi mpaka mifupa. Kwa hiyo Taesik akala. Akaongeza bakuli la pili. Baba yake akanywa bakuli moja, akarudi dukani.

Haukupita muda mrefu, Taesik akashika kifua.

"Mama, moyo unanienda mbio."

"Nguvu hizo!" Mama Taesik alisema kwa furaha. "Zinaingia!"

Wakati huohuo Bi Yeo aliingia dukani kuchukua koti lake. Bi Yeo ni mfamasia wa pale kona. Alimkuta Baba Taesik anapiga pasi kama mtu anayefukuzwa. Jasho linamtoka. Alikuwa amemaliza mashati ya wiki nzima na sasa analinyoosha pazia la dirishani likiwa bado linaning'inia.

"Baba Taesik, una nini leo?"

"Sijui! Nimekunywa supu tu!"

Bi Yeo hakuuliza tena. Alipita moja kwa moja hadi jikoni. Akaviona vifuko kwenye pipa la taka.

"Mama Taesik, hivi vilikuwa na nini?"

"Nguvu."

"Nguvu ya nini? Jina lake?"

"Muuzaji anajua."

Bi Yeo alipiga simu sokoni, palepale mbele ya wote. Muuzaji alijibu bila kuficha. Alikuwa ameambiwa mgonjwa ana mafua na kifua kimebana. Kwa hiyo aliweka mizizi kadhaa, na mmea uitwao mahwang.

Bi Yeo alifumba macho. "Mahwang," alisema. "Taesik, kesho unacheza?"

"Naanza mimi."

"Huwezi. Mahwang unafungua kifua, lakini pia unauendesha moyo mbio. Mchezaji haruhusiwi kuwa nao mwilini siku ya mechi. Ukipimwa mkojo kesho, unaweza kuonekana."

Taesik alimgeukia mama yake.

"Lakini ni majani!" Mama Taesik alifoka.

"Na sumu nyingi zinatoka kwenye majani," Bi Yeo alijibu. "Mwili hauulizi kama dawa ilikuja kwa sindano au kwa kijiko."

"Basi nitawaambia hao wapimaji mimi ndiye niliyemwekea!"

"Hata ukienda kulia mlangoni kwao. Kanuni yao ni moja: kilichomo mwilini mwa mchezaji ni mzigo wa mchezaji. Anaweza kufungiwa miezi mingi."

"Muuzaji huyu nitamvunjia vifuko vyote!"

"Muuzaji ana kosa gani? Ulimwambia anayekunywa ni nani?"

"Nilimwambia ni mwanangu."

Bi Yeo alikaa chini. Aliomba maji ya kunywa. Akayanusa kwanza.

Baba Taesik alikuwa amesimama mlangoni, pasi mkononi. "Bi Yeo, si wanawapima wachache tu? Huenda wasimchague."

"Huenda," Bi Yeo alisema. "Na huenda wakamchagua. Na hata wasipomchagua, moyo wake utakimbia hivyo juani, kwenye joto hili la Juni. Hiyo kanuni haikuwekwa kwa ajili ya kuwaudhi watu."

Taesik alikuwa anaitazama simu yake. Miaka minane alikuwa akingoja siku moja, na siku yenyewe ilikuwa kesho.

Akampigia daktari wa timu. Akamweleza kuwa amekula kitu chenye mahwang. Daktari alimshukuru, akamwambia jina lake litaondolewa kwenye mechi ya kesho, kisha akampa simu kocha. Kocha alipiga kelele mpaka sisi majirani tulisikia.

"Una umri gani wewe? Hujui unachotia mdomoni? Wewe ni mbuzi?"

"Samahani, kocha. Ni kosa langu."

Hapo Mama Taesik aliinyakua simu. "Ni mimi! Mimi mama yake! Alikataa, nikamwekea kwenye supu, nikamdanganya!"

"Shikamoo, mama," kocha alisema kwa sauti ndogo.

Jumapili ile alirusha mwingine. Taesik alirudi timu ya akiba. Kwa siku kadhaa alikula nje, na mama yake alipika sufuria nzima kisha akaitazama tu.

Hatimaye alivuka barabara kwenda kwa Bi Yeo. "Haya, nifundishe. Lakini usinicheke."

"Sicheki. Chakula cha kawaida mpikie. Kuku, wali, kitunguu saumu, samaki. Lakini kitu chochote cha kuongeza nguvu, cha mafua, cha kupunguza mwili, usimpe mpaka daktari wa timu akione. Dawa ya dukani ina jina, tunaweza kulitafuta tuone kama inaruhusiwa. Hii ya kuchemsha haina jina wala kipimo. Nani atajua imo nini?"

"Na akiumwa kweli?"

"Akiumwa, atibiwe. Dawa zinazoruhusiwa ni nyingi. Ikibidi apewe iliyokatazwa, daktari anaomba kibali mapema. Hakuna anayemkataza mtoto wako kupona. Ila asifichwe anachokunywa."

Mama Taesik akashika somo, tena kwa mikono miwili. Daktari wa timu akaanza kuteseka. Siku moja mama alimpelekea tikiti la njano.

"Mama, hili ni tikiti."

"Najua ni tikiti. Linaruhusiwa?"

"Linaruhusiwa, mama."

"Umelikata ndani?"

Agosti, mrushaji mmoja aliumia bega. Taesik akaitwa tena, mechi ya Jumapili mchana. Alirusha vizuri sana. Wapinzani walipiga upepo kiasi kwamba watazamaji wa safu ya mbele walishukuru kwa kupepewa. Timu ikashinda. Na mechi ilipoisha, jina lake likatajwa: akapimwe mkojo.

Kazi ikawa hapo. Kijana alikuwa ametoa jasho lote, mkojo hauji, kikombe kinangoja, na mpimaji amesimama anamtazama, kwa sababu ndiyo kanuni. Akanywa maji. Akanywa mengine. Uwanja ukabaki na wafagiaji.

Baba Taesik alikuwa nje, anazunguka gari lake la dobi. Aliuma kucha. Alipiga tairi teke. Mwishowe akafungua mlango wa nyuma, akamkuta mkewe amelala chali chini ya makoti ya wateja, anakoroma.

"Mama Taesik! Unalala? Mtoto anapimwa!"

Alifungua jicho moja, amekasirika.

"Apimwe. Ninachompa nakijua. Funga mlango, jua linaniingia."