Mnyororo Aliouvuta Révérien

Mtaa mzima wa Mulongwe, pale Uvira, hakukuwa na mtu wa kuringia choo kama Révérien. Wenzake waliringia baiskeli, wengine ng'ombe, yeye, choo. Mzungu aliyekuwa bwana wake alikimbilia Usumbura, ng'ambo ya mpaka, mwaka wa uhuru, akamwachia funguo, na ndani ya nyumba ile kulikuwa na kiti cheupe cha kauri, tangi juu ukutani, na mnyororo wa kuvuta.

"Ninyi muko munachuchumaa kama vyura," aliwaambia majirani. "Miye naketi, navuta, naondoka. Mambo iko inajiendea."

Inajiendea wapi? Nyuma ya jiko, kwenye fosi, yaani lile shimo la kupokea uchafu wa choo, lililojengwa kwa zege na kufunikwa kwa zege. Wewe cheka tu. Tutaona nani atacheka mwisho.

Jumamosi ile ya mwaka wa sitini na tano ilianza vizuri. Jua lilikuwa zuri, ndagala, dagaa wa ziwani, walikuwa wanakauka kwenye mikeka. Georgette, dada yake Révérien, alikuja na masufuria kumaliza matanga ya mumewe, karani Félicien. Mwaka ulikuwa umepita tangu apotee katika vita. Mwili haukuonekana, basi vita ilipotulia wakafanya kama wazee wanavyofanya: walikata shina la mgomba lenye urefu wa mtu, Georgette akalifunga kwa kitenge chake cha ndege wa kijani, mafundo matatu, wakalizika makaburini Kasenga ili marehemu apate pa kulala. Aliyelibeba begani ni Révérien. Alilia kuliko mjane. Watu wakasema, shemeji wa namna hii hapatikani tena.

Saa nne Placide, jirani, akatoka chooni ameshika viatu mkononi.

"Kaka, choo yako iko inatapika."

Maji meusi yalikuwa yamevuka kizingiti na kuingia sebuleni, kulikotandikwa mikeka ya wageni. Révérien akakunja suruali. Akamwaga majivu, akamwaga mchanga, akachota kwa kopo, ndoo baada ya ndoo, akayasukumia uani kwa ufagio. Yalitoka. Kisha yalirudi. Kila alipoyasukuma yaligeuka mlangoni na kuingia tena taratibu, kama mgeni aliyesahau kusema jambo.

"Fosi imejaa," Placide akasema. "Leta mtaimbo tuifungue."

"Hapana."

"Sasa batu batakulia bugali mu mavi?"

"Nimesema hapana. Fosi iko muzima."

Sasa nikuambie kwa nini alikataa.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa tano, waasi waliingia Uvira wakitafuta makarani wa serikali. Félicien alikuja mbio, wino ungali vidoleni. Wiki ile fosi ilikuwa imetoka kuchotwa, kavu kabisa. "Ingia, shemeji," Révérien alimwambia. "Bakipita, nafungua." Akakisukuma kifuniko kwa mtaimbo.

Hawakupita. Waliipenda nyumba, wakakaa. Mkubwa wao alikuwa hajaona choo cha namna ile maisha yake yote. "Onyesha namna inafanya," akasema. Révérien akauvuta mnyororo. Maji yakaenda. Wote wakacheka.

Naye akacheka.

Wakamfanya mpishi wao. Alipokuwa jikoni akasikia mtu anagonga chini ya kifuniko: ndo, ndo, ndo. Alibeba kinu, akakiweka juu ya kifuniko, akatwanga sombe, majani ya muhogo, hadi jioni. Kesho yake akatwanga tena. Siku ya tatu chini kulinyamaza. Yeye akaendelea kutwanga. Siku ya nne waasi wote waliteremka ziwani kuogeshwa dawa yao ya kuzuia risasi, nyumba ikabaki tupu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mtaimbo alikuwa nao. Akaketi nao juu ya kifuniko. Aliogopa kumkuta amekufa. Aliogopa zaidi kumkuta yuko hai.

Waasi walipofukuzwa, hakumwambia mtu. Kila asubuhi aliketi, akavuta mnyororo, akaondoka.

Na sasa alikuwa amepiga magoti sebuleni, anachota. Katika ndoo kulikuwa na nyuzi. Ndefu, nyeupe, zenye utomvu. Akazivuta. Nyuzi za mgomba. Hakuna mgomba katika uwanja ule.

Kisha akasikia.

Ndo. Ndo. Ndo.

Placide aligeuza shingo. Révérien alikuwa ameshatoka nje. Alibeba kinu, akakipandisha juu ya kifuniko, akaanza kutwanga. Alitwanga kwa nguvu zote. Jasho likamwingia machoni.

Georgette alisimama mlangoni mwa jiko.

"Kaka," akasema polepole. "Unatwanga nini? Kinu iko tupu."

Mchi ukamponyoka.

"Fungua," Georgette akasema.

Wakakitoa kinu; Placide akainua kifuniko upande mmoja, Révérien upande wa pili. Walitarajia harufu. Hakukuwa na harufu. Fosi ilikuwa kavu. Chini, katikati, kulikuwa na shina la mgomba, limefungwa kitenge cha ndege wa kijani. Mafundo matatu. Penye mkato utomvu ulikuwa unatona, kama limekatwa asubuhi ile.

"Haya mafundo ni ya mikono yangu," Georgette akanong'ona. Kisha, bila kuinua macho: "Kaka. Kama huyu iko hapa, kule Kasenga tulizika nani?"

Révérien alisema yote. Alisema akiwa amesimama katika uchafu, miguu peku: mnyororo, kicheko, kinu, ile asubuhi ya nyumba tupu. Placide aliangalia pembeni. Georgette hakulia. Aliokota ndoo, akamwekea kaka yake mkononi.

"Maliza kusafisha," akasema, akaondoka kwa miguu kwenda Kasenga.

Baadaye watu walitaka kuchimbua kaburi. Georgette akakataa, akamwambia kaka yake: "Alingoja mwaka muzima weye umufungulie. Amejihamisha mwenyewe. Usimuguse tena."

Tangu siku ile Révérien hakuringa tena. Choo alikipiga misumari, akaenda vichakani kuchuchumaa na vyura wenzake. Ila kaburi la Kasenga halikauki. Mwezi wa saba, udongo wa bonde unapopasuka kwa ukame hadi Luvungi, tuta lile linabaki limelowa, na harufu yake unaijua. Kila siku Révérien alikwenda na ndoo ya majivu, akalifunika, akalisawazisha kwa kiganja. Kila asubuhi alikuta majivu yameinuka mahali patatu, mpasuko mdogo juu ya kila pahali, kama yamegongwa kutoka chini.

Révérien amekufa sasa, majivu hakuna wa kumwaga. Mimi, nisiyeogopa kitu, nilikwenda na ndoo yangu jioni moja kuonyesha wenzangu kwamba ni uongo. Nilimwaga, nikasawazisha vizuri.

Asubuhi nilirudi, nikakuta yameinuka mahali patatu. Ndoo ile niliiacha palepale.