Noti Iliyopigwa Pasi

Haya ni kweli tupu. Nikikutwa nimeongeza chumvi hata punje, soda juu yangu.

Jioni moja binti wa dobi, waliyemwita Sindano kwa wembamba wake, alikuwa akikunja mashati ya wateja. Baba yake akampa noti.

"Kamnunulie mama yako dawa ya kifua. Noti imelowa mfukoni mwangu, ianike kwanza."

Chumbani kifua cha mama kilikoroma. Sindano hakuweza kusubiri jua. Akaipiga noti pasi ya mkaa. Moshi ukafuka, paka wao akaruka dirishani na hajaonekana mpaka leo. Kona nzima ya noti ikawa nyeusi.

"Hii noti au mkaa?" muuza dawa akauliza. "Lete nyingine."

"Sina nyingine, kaka."

"Basi na mimi sina dawa."

Mwenye duka la pili hakuigusa hata kwa kidole. Asubuhi shilingi zile zingenunua unga, sukari, chochote. Sasa zilikuwa karatasi tu, na mama alikuwa akikohoa.

Rafiki yake akamnong'oneza, "Ikunje, kampe mama wa karanga. Haoni vizuri yule. Chukua chenji, kimbia."

Sindano akaikunja, akamwendea. Mama wa karanga akanyoosha mkono.

"Sindano? Mama anaendeleaje, mwanangu?"

Sindano akaketi chini, akalia, akaeleza yote: pasi, muuza dawa, hata ile hila.

Mama wa karanga akaipapasa noti, akafungua kibindo, akampa noti nzima. "Kanunue dawa. Hii kesho nitaipeleka benki, hubadilisha zilizoungua kidogo."

Usiku ule mama alilala bila kukohoa. Dobi akamwambia bintiye, "Ungempa mama wa karanga kimya, hasara yako ungemtwisha yeye. Ulipomwambia ukweli, aliibeba kwa hiari yake. Pesa huharibika, mwanangu, ikabadilishwa. Jina lako hakuna benki ya kulibadilisha."

Nilipofika hapo kuandika, Sindano mwenyewe, ambaye siku hizi ndiye anayenifulia, alikuwa akisoma nyuma ya bega langu.

"Babu, kwetu hatujawahi kufuga paka."

Nikatoa hela ya soda. Akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza pande zote mbili, ndipo akaipokea.